Kumpa Mtu Chumba Chake

Mdogo wangu alipotoka jela Amerika alirudishwa Bujumbura, na baada ya mwaka akaja kwangu Jette, mtaa wa Brussels, mwanamume wa miaka arobaini mwenye begi moja. Nilimwachia chumba changu cha kulala, mimi nikahamia kwenye kochi sebuleni. Nilijiona muungwana sana. Huku, kumpa mtu chumba chenye mlango wake ni zawadi kubwa, na nimekaa huku kiasi cha kuanza kuamini hivyo.

Hakutoka. Sikumsumbua. Kila nikirudi kazini nilipika, nikaweka sahani kwenye stuli nje ya mlango, nikagonga mara mbili na kuondoka. Wiki tatu zikapita. Nilitaka aseme nami, hata kunigombeza, nijue kwamba aliyerudi ni yeye.

Kwa kuwa hasemi, niliamua kujifunza alikotoka. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mmoja wao, padri mstaafu wa Saint-Josse aliyewahi kuwahudumia wafungwa kwetu Bujumbura na kujifunza Kiswahili huko, ana rafu nzima ya vitabu vya magereza. Nikimaliza kumkanda miguu ananisomea, akitafsiri papo hapo kutoka Kifaransa.

"Bon, maman," alianza, "zamani kule Amerika jela ilikuwa pa kungojea tu. Muntu anangoja fimbo ao kamba ya kunyongwa."

Baadaye watu wa dini wa Pennsylvania waliona viboko ni ukatili, wakabuni kitu cha huruma: kila mfungwa na chumba chake, Biblia yake na kimya chake, ili atubu. Akitolewa nje alifunikwa uso asionane na mwenzake. New York wakabisha kidogo: mchana wafanye kazi pamoja, ila bila kusema neno. Utumwa ulipokwisha, kusini wafungwa wakakodishwa mashambani na migodini, wengi wao weusi. Halafu vifungo vikarefuka, majengo yakaongezeka, na chumba cha peke yake, kilichoanza kama dawa, kikawa adhabu. Wabelgiji nao waliiga bila kuona haya, padri aliongeza.

Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa, mpaka alipofika kwenye mlango wa chumba hicho. Ulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, alisema, ili mlinzi asilazimike kuingia. Nilimwomba arudie. Akarudia, na nikaona aibu: niliikumbuka stuli yangu nje ya mlango.

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mtu akirudi kutoka mbali haachwi peke yake. Nyumba inajaa, analishwa kwenye sinia moja na wenzake, na hata akisinzia kuna mtu anapiga soga pembeni yake. Nilikulia katika hayo. Niliyaacha huku nikijiita mstaarabu.

Siku hiyo nilipika wali na nyama, nikapakua kwenye sinia, nikaingia nalo chumbani na kuketi sakafuni. Alishuka kitandani, akaketi ng'ambo ya sinia. Tulikula, mikono yetu ikikutana katikati ya wali.

"Dada," alisema, "mie nilizani unaniogopa."

Wiki zote zile nilikuwa nikijiambia kwamba namheshimu.

"Nilikuogopa," nikamwambia, nikamsogezea nyama.