Pombe ya Mkuu wa Ghala

Mamamkwe wangu alianza kuloweka ulezi wa pombe kabla watu wa usaili hawajafika Sumbawanga. Alikuwa kijijini kwao Mwazye, na habari zilizomfikia zilikuwa fupi: mkuu wa zamani kaondoka, mwanao ndiye anayekalia kiti chake, na sasa wakubwa wanakuja kulimaliza jambo. Kwake hayo yalitosha. Pombe ya ulezi haipikwi leo ikanywewa kesho. Uloweke ulezi, uuoteshe, uuanike, uusage, uupike, kisha uiache pombe ichache. Na ikishaiva haina subira. Kwa hiyo mtu akitaka kusherehekea jambo siku lilelile linapotokea, sharti aliamini mapema. Yeye aliliamini. Mimi sikuliamini, nikasema hivyo, nikaambiwa kwamba sisi Wanyakyusa tuna midomo ya mkosi.

Ulezi wenyewe haukuwa wake wote. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba kibaba hapa na kibaba pale, na kila alipopewa alitamka neno moja: pombe hii asiionje mtu kabla ya mkuu. Alilisema mbele ya jamaa, akalirudia nje ya kanisa baada ya misa. Mwazye nzima ikawa inajua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuongoza ghala la takwimu za jamii, mali ya shirika la mataifa mengi lenye makao yake Ulaya. Zilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, na wataalamu walikuwa wamejaa vijijini kama inzi kwenye dagaa wa Kirando. Waliuliza watu wanalima nini, wanakula nini, wamezaa wangapi, wamezika wangapi, walihamia kijijini kwa hiari au kwa kusukumwa. Majibu ya kwetu, na ya Zambia, na ya Malawi, yaliletwa kwenye jengo letu refu la bati, yakapangwa kwenye masanduku, ili mtaalamu mwingine akitaka kuyasoma asirudi kuwasumbua watu walewale. Watu wa mjini waliliita Ghala la Maswali. Mwaka mmoja wa njaa walikuja akina mama na madebe, wameona neno "ghala" kwenye kibao wakadhani kuna mahindi. Mlinzi aliwafungulia sanduku moja, akawaonyesha karatasi, akacheka mpaka wakaondoka.

Mkuu wa kwanza, Mzungu mmoja mpole, alipomaliza mkataba wake alimwachia mume wangu funguo. Mume wangu akawa kaimu. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, bado kaimu. Ukaimu ni kulea mtoto wa mwenzio: akishiba hakuna anayekusifu, akikohoa umemuua wewe. Alihangaika na panya, na paa linalovuja, na wageni waliofika bila taarifa wakitaka chai. Alikuwa na stashahada tu, hakuwa na shahada. Lakini hakuna sanduku ambalo hakuwahi kulibeba.

Kisha ikaja taarifa kwamba kazi itatangazwa kwa watu wa mataifa yote, na Kaimu yuko huru kuomba kama mtu mwingine yeyote. Taarifa hiyohiyo ilimwagiza aandae usaili: awatafutie wasailiwa malazi, awapokee stendi, awatembeze ghalani waielewe kazi. Yaani achimbe kaburi, kisha apime kama atatosha. Nilimwambia akatae. Akasema, "Sasa nani atawapokea?"

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima. Baridi yetu ilimshika kifua siku ya kwanza, akaomba arudishwe Mbeya. Akabaki kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, karudi juzi kutoka masomoni ng'ambo, suruali ya bugaluu inafagia vumbi. Alimwamkia mume wangu shikamoo, na mimi pia, kwa adabu nzuri tu. Ningependa kusema alikuwa na kiburi. Hakuwa nacho, na hilo liliniudhi zaidi.

Mume wangu alimtembeza kutwa nzima. Alimwonyesha kila kitu, na kama kawaida yake anapopata msikilizaji, akammwagia na yaliyokuwa moyoni. Alikuwa na wazo lake moja alilolipenda kuliko watoto wake: kwamba majibu yasiishie kwenye masanduku, yarudishwe vijijini, yasomwe mbele ya watu waliojibu, wasikie wenyewe walichosema, wabishane nacho. Alikuwa akiniambia hayo tangu tuoane. Siku ile jioni, mezani kwangu, alimweleza mgeni huku anammegea ugali.

Kijana alipokwenda kunawa nikamvuta mume wangu jikoni.

"Baba watoto, huyo unayemfundisha ni mshindani wako."

"Ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wa kwetu. Mgeni utamwambiaje nusu ya maneno?" Akachukua bakuli la mboga akarudi mezani.

Jopo lilikuwa la watu watatu: mwenyekiti, ambaye alikuwa Mzungu kutoka makao makuu na alijua Kiswahili kwa kuwa alikulia misheni; profesa mmoja kutoka chuoni; na afisa mmoja wa mkoa, mnene, mcheshi, aliyependa sana sauti yake. Sukari ilikuwa ya foleni siku hizo, hoteli ya mjini haikuwa nayo, hivyo chai na chakula vya jopo vikawa juu yangu. Nilikaa na birika langu kwenye kichumba kilichopakana na chumba cha usaili. Kati yetu ulikuwepo ubao mwembamba, na sikuziba masikio.

Kijana aliingia kwanza, kwa kuwa ni mgeni. Waliposema aeleze atakalolifanya akipewa ghala, akasema majibu yarudishwe vijijini, yasomwe mbele ya waliojibu. Alilisema vizuri kuliko mume wangu alivyowahi kulisema. Aliongeza na maneno ya kisomi, akaongeza na siasa ya wakati ule, kwamba elimu ni mali ya umma. Afisa alipiga meza kwa furaha. Sidhani kijana aliona kwamba anaiba. Alikuwa amelisikia jana yake, likamwingia, likawa lake, kama wimbo unaotoka nao sokoni.

Mume wangu aliingia mwisho, kwa kuwa ni mwenyeji. Swali likaja lilelile. Nilimsikia akivuta pumzi, akasema lilelile, maskini, kwa maneno yake ya kila siku.

"Ndugu Kaimu," profesa alisema, "hilo tumeshalisikia asubuhi. Huna lako?"

Angeweza kusema kwamba lilikuwa lake. Angeniita mimi nishuhudie. Akasema, "Naam. Basi ni wazo zuri." Nilimchukia wakati ule, nilimchukia kwa dhati, na nilishika mkono wa birika mpaka ukaniunguza.

Mwenyekiti akauliza kama akikosa atakubali kufanya kazi chini ya mwenzake. Mume wangu akajibu, "Nitamsaidia. Kazi ni kazi."

Jibu hilo ndilo lililomzika. Walikuja kula nyumbani kwangu, mita chache kutoka ghalani, wakanitumia kama watu wanavyotumia mlango: unafunguka, unafungwa, hausikii. Afisa alivunja paja la kuku akasema Kaimu ni kasuku. Profesa akacheka. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na hesabu, akaitoa taratibu, bila ubaya wowote. "Tukimchukua kijana, tunawapata wote wawili, maana Kaimu amesema atabaki. Tukimchukua Kaimu, kijana anaondoka." Wakaona ni kweli. Afisa akaniomba pilipili.

Walimwita mume wangu barazani wakamwambia. Mwenyekiti alimpa mkono akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Na wakati huohuo lori la misheni likaingia uani na mamamkwe wangu kakaa juu ya mizigo, vyungu vyake vimezungushiwa majani, na wanawake kadhaa wa Mwazye wanaimba.

Mume wangu alinijia mbio. "Mama asiambiwe leo. Nitamwambia mwenyewe Jumapili, baada ya misa."

"Na hawa?" Nilionyesha uwanja. Karani, mlinzi, dereva, majirani, kila mtu alikuwa keshajua. Mjini kwetu habari ya mtu kushindwa haihitaji gari.

"Watanyamaza," akasema.

Afisa ndiye aliyeviona vyungu kwanza. "Ala! Kumbe mmeshaandaa karamu ya kumkaribisha Mkuu mpya! Huo ndio ujamaa, Ndugu Kaimu!" Akapiga makofi, wengine wakafuata. Mume wangu aliangalia chini, akasema, "Karibuni."

Sasa, wasiojua: pombe ile hunywewa kwenye chungu, inamiminiwa maji ya moto, watu wanaivuta kwa mirija. Mrija wa kwanza ni wa mwenye sherehe. Mama aliweka kigoda mbele ya chungu kikubwa, akaniamuru nilete maji, akapaza sauti kwa Kifipa kumwita mkuu. Wanawake wa Mwazye wakapiga vigelegele. Jopo likatazamana. Mume wangu akasogea, hatua kwa hatua, akakaa kwenye kigoda. Alifanya vile kwa ajili ya mama yake, hakuna sababu nyingine. Mlinzi aliziba mdomo kwa kofia. Mwenyekiti, aliyekuwa ameelewa kila kitu, alimnong'oneza profesa, "Tumwache afaidi kidogo," na wote wawili wakatabasamu kama watu wanaotazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Kijana naye alisimama pembeni, hajui aweke wapi mikono.

Mama akafuta mrija kwa upindo wa kitenge chake, akampa mwanawe. Mume wangu akauinamia.

Afisa hakuweza kuvumilia. Kicheko kilimbana mpaka machozi. "Bibi," akasema, "bibi yangu, unakosea mtu! Mkuu ni huyu kijana hapa. Mwanao kashindwa!"

Uwanja wote ukacheka. Nasema wote: karani aliyekula kwangu kila mwisho wa mwezi, dereva, majirani, hata wawili wa wanawake wa Mwazye, kabla hawajajizuia. Nilikuwa na sufuria la maji ya moto mikononi na nilitamani nimmwagie mtu, ila walikuwa wengi kuliko maji.

Mama hakucheka wala hakulia. Alimuuliza mwanawe kwa Kifipa, neno moja tu, kama ni kweli. Akasema ni kweli. Mama akawatazama wanawake aliokuja nao, wale waliotoa vibaba vyao vya ulezi. Niliona anachokiona. Walikuwa wanarudi Mwazye na lori lile kesho yake.

Alipoanza kusema hakutumia Kifipa. Alitumia Kiswahili chake cha kanisani, polepole, kila mtu amsikie.

"Nilisema pombe hii ataanza mkuu. Sikusema ataanza mwanangu. Ondoka hapo, baba. Mpishe mkuu."

Nikasema, "Mama!" Hakunigeukia.

Mume wangu aliinuka. Nadhani alisubiri kidogo mama abadili neno, maana alisimama kanyoosha mkono wenye mrija, hajui ampe nani. Mama akauchukua. Akaufuta tena kwa kitenge, pale mdomo wa mwanawe ulipokuwa umegusa. Akapiga magoti mbele ya kijana yule wa bugaluu, akapiga makofi ya heshima ya Kifipa, taratibu, akamwelekeza kwenye kigoda.

Kijana alikaa. Angefanyaje? Alivuta, akakohoa, watu wakashangilia, na mwenyekiti akasema hajawahi kuona mapokezi ya kistaarabu namna ile. Pombe ilikuwa imeiva vizuri sana, kila mtu alikiri. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiongeza maji ya moto.

Alifanya kazi chini ya kijana yule mpaka alipostaafu. Wazo la kurudisha majibu lilikubaliwa, wakubwa wa ng'ambo wakalisifu, na aliyekuwa akitumwa kwa baiskeli kwenda kuyasoma vijijini alikuwa mume wangu. Huko walimuuliza kama ndiye mkuu. Alijibu hapana, ametumwa na mkuu.

Mama hakulitaja tena jambo lile. Nilingoja aombe radhi, au angalau alie mbele yangu siku moja nimwone. Hakulia. Akija mjini, baada ya salamu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mkuu wenu hajambo?" Na kila mavuno, mpaka alipokufa, alituma vikapu viwili vya maharage kwa lori la misheni. Kikubwa kilikuwa cha mkuu. Mume wangu alikibeba mwenyewe begani kumpelekea, na akirudi aliniambia mkuu kashukuru.