Mikono ya Rodah Chini ya Leso

Wanaopenda kusema mficha maradhi kilio humfichua hawajawahi kusimama mbele ya nyapara wa shamba la chai. Rodah Chepyegon alisimama miaka kumi na tisa. Kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa na baridi yabisi, ile mbaya ambayo kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe na kuvila viungo vyake. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa vidoleni. Asubuhi aliloweka mikono katika maji moto, na nyapara akianza kuita majina, aliikunja chini ya leso aliyojifunga kiunoni. Aliyeonekana na vidole vilivyovimba aliambiwa aende nyumbani, arudi akipona. Nani aliwahi kuona baridi yabisi ikipona? Upuuzi mtupu!

Kisha saratani ikamtokea chini ya kisigino, doa jeusi alilodhani ni kovu la mwiba. Ikakatwa, ikaibuka tena kwenye tezi za kinena. Daktari Nyakundi, pale Kericho, akamweleza kwamba kuna dawa ya dripu inayoiamsha kinga ya mwili ili iitafune saratani yenyewe. Halafu akauliza swali dogo.

"Mama, uko na ugonjwa ingine?"

"Hakuna, daktari."

Mikono ilikuwa chini ya leso. Bintiye, Janeffer, alikuwa ameketi kando yake na hakusema neno, maana hivyo ndivyo alivyolelewa.

Dripu ya kwanza ilipita salama. Baada ya ya pili, kinga iliyoamshwa haikubagua. Vidole vilivimba mpaka Janeffer akawa ndiye anayemfunga mama yake vifungo na kumkatia ugali. Ikabidi warudi Kericho kabla ya tarehe.

Daktari aliitazama ile mikono, akalisukuma faili kando.

"Mama, hii si ya jana. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipa dawa?"

Daktari akalivuta tena lile faili. Kulivuta huko ndiko kulikomwasha Rodah.

"Si unaona! Ungeniambia niende nyumbani nipone kwanza. Miaka yote ni hivyo. Mkono mbaya, toka kwa laini! Sasa hata kutibiwa saratani lazima mtu akuje akiwa mzima?"

"Mama, pole pole," Janeffer akasema.

"Nyamaza wewe!"

Daktari Nyakundi hakukasirika, na hilo lilimuudhi Rodah zaidi.

"Ni kweli," akasema. "Hizi dawa zilipojaribiwa, watu wengi kama wewe waliachwa nje. Ndio maana tunaogopa. Lakini singekukataza. Ningeita daktari wa viungo, tukuangalie pamoja kutoka siku ya kwanza. Sasa lazima tusimamishe dripu, tutulize mikono, halafu tuone. Labda tutaendelea. Siwezi kukuahidi."

Labda! Rodah alitoka nje akilirudia neno hilo. Aliwakasirikia waliojaribu dawa kwa watu wasio na kasoro, kana kwamba saratani nayo huchagua. Alimkasirikia nyapara, ambaye pengine alishastaafu na anakunywa chai aliyoichuma yeye. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amemficha ugonjwa mtu wa kwanza aliyemwuliza ili amsaidie. Na saratani haikuwa imesimama kumsubiri.

Wiki saba alimeza vidonge na kulaani. Uvimbe wa mikono ukapungua, daktari wa viungo akakubali, na siku ya dripu ya tatu wakarudi. Foleni ilikuwa ndefu. Nesi mgeni alifungua fomu mpya bila kuinua macho.

"Uko na ugonjwa ingine?"

Mikono ilikuwa imeshajiingiza chini ya leso. Rodah aliiona, akatukana kwa Kipsigis hadi waliokuwa nyuma yake wakageuka. Akaitoa yote miwili, akaiweka juu ya ile fomu.

"Hii," akasema. "Na uandike kubwa."