Mzizi Mwekundu wa Namoruputh

Magoti ya Abei Losike yalikataa kunyooka aliposhuka kwenye lori mjini Lodwar. Alikuwa ameketi juu ya magunia tangu Kakuma, na sasa alisimama ameshika ubavu wa lori, akingoja miguu imkumbuke. Simu ya Manyang, kijana wa maabara, ilikuwa fupi: mama, njoo, mizizi yako ina shida.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Sokoni Kakuma alitandaza kitambaa chini akauza miswaki, magome na mizizi. Mzizi mmoja ulikuwa mwekundu ndani, wa kichaka kinachoota kwenye miamba juu ya Namoruputh. Mama yake aliutwanga na kuwaosha nao wagonjwa wa mkanda wa jeshi, mpaka siku alipofukuzwa kwenye lango la zahanati moja mbele ya watu, akiitwa mchawi wa vidonda. Hakuwahi kulizungumzia tena. Kwa hiyo watafiti walipokuja kutafuta mimea ya kupima dhidi ya virusi, Abei aliutaja mzizi huo kabla hawajaketi. Alitaka mtu mmoja tu mwenye koti jeupe aseme kwamba mama hakukosea.

Manyang alimpokea kwenye chumba cha maabara chenye baridi ya mashine. Alizaliwa na wazazi wa Sudan Kusini, akakulia kambini Kakuma, akasomea kemia. Abei alimjua tangu akiwa na makamasi.

"Ejok, mama," alimsalimia kwa Kiturukana. "Umechoka."

"Kuchoka ni kazi yangu. Sema."

Alimwonyesha visahani vya plastiki. Humo walifuga seli, kisha wakaweka virusi, kisha maji ya mzizi. Seli zikibaki hai, mzizi umezuia.

"Ile ulileta mwaka jana, seli zilibaki. Hii ya sasa, kila kitu imekufa. Hata kule hatukuweka virusi, seli imekufa. Bosi anasema tukituma matokeo ya mwezi huu hivi, mzizi inatoka kwa orodha."

"Labda safari hii dawa imekuwa kali."

"Hata sumu ni kali, mama."

Abei alikuwa amepanda miamba ile mara mbili. Mara ya pili alilala njiani kwa sababu ya homa.

Manyang alifungua mfuko wenye mizizi iliyobaki, akaingiza pua, akaitoa upesi. "Ulikausha juu ya moto?"

"Mimi? Nilikausha kivulini, kama ulivyosema. Halafu nikaiweka kwa kibuyu cha mama. Safi kabisa."

"Safi vipi?"

"Nilikifukiza. Kijinga cha moto ndani, nikatikisa, nikamwaga majivu, nikarudia mara tatu. Unataka niweke dawa kwa kibuyu kinachonuka maziwa mabovu?"

Manyang aliketi. "Na mwaka jana uliweka wapi?"

"Kwa karatasi ya unga. Sikuwa nimejua kama nyinyi mko serious."

Kijana alianza kucheka, kisha akaona uso wake, akaacha. Akamweleza taratibu kwamba moshi unaacha vitu vyake, vinaingia kwenye mzizi, na seli za kwenye kisahani si tumbo la Mturukana lililozoea moshi wa kibuyu. Inawezekana hivyo ndivyo vilivyoua. Abei aliitazama mikono yake. Mara ya kwanza alibeba mzizi wa mama kama takataka, nao ukapita. Mara ya pili aliupa heshima yote aliyoijua.

"Mwezi unaisha lini?"

"Siku kumi na tisa. Kupima inataka wiki."

Abei alikunywa yote chai aliyopewa, akamwomba Manyang mifuko ya karatasi, akapanda pikipiki kuelekea Namoruputh. Siku mbili alichimba kwa kuketi, kwa kuwa magoti yalikataa kuchuchumaa. Alirudi na konzi tatu za mizizi, akazikabidhi bila maneno, akaenda zake Kakuma.

Manyang alipiga simu adhuhuri moja yenye vumbi, Abei akiwa sokoni.

"Seli ziko hai, mama. Mzizi inazuia. Si sana, lakini inazuia. Imebaki kwa orodha."

Abei aliziba sikio la pili kwa kidole. "Rudia."

Akarudia. Abei alivuta kanga machoni, akakaa hivyo mpaka mteja aliyekuwa akichagua miswaki akauliza kama kuna msiba.

"Lakini mama," Manyang aliendelea, "sasa wanataka kilo tatu."

"Kilo tatu ni mlima mzima, Manyang."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie nusu. Na uje na jembe lako, uchimbe wewe. Mimi nitakaa kwenye jiwe nikuonyeshe ni kichaka gani cha kuacha."

Akakata simu, akamhesabia mteja miswaki yake.