Kola Haigeuzwi Ikiwa Shingoni

Jina alilozaliwa nalo lilikuwa limeshasahaulika mtaani. Watu walimwita Bi Kola, naye aliitika kwa raha, maana jina hilo alijishonea mwenyewe.

Siku hizi shati likichakaa shingoni mtu analifanya tambara la kupangusia meza. Zamani haikuwa hivyo. Shati zuri huanza kufia shingoni. Jasho, ndevu na kufuliwa huisugua kola mpaka inatoa nyuzi, na huku shati lenyewe bado zima. Basi unampelekea Bi Kola. Anafumua mshono kwa wembe, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Anaitoa kola nzima, anaigeuza, upande uliochakaa unakwenda chini, upande mzima unakuja juu, anairudishia mahali pake. Mwenye shati anatoka hapo na shingo mpya. Walimu, makarani, madereva, hata bwana harusi mmoja aliyeazima shati la kaka yake, wote walipita mikononi mwake.

Alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukitazama barabarani. Kulikuwa na meza ya pasi, na cherehani nyeusi ya miguu iliyopiga kelele kama mtu anayemwaga kokoto kwenye bati. Chini ya dirisha palikuwa na kiti cha wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, watu wa midomo walisema sasa mawifi watagawana vyombo, kila mtu ashike njia yake. Wao wakagawana kazi. Bi Kola alishona, wifi akatoboa matundu ya vifungo, akatia vifungo, akakunja. Na kila asubuhi, kabla hata ya kuvua mtandio, wifi alitunga uzi kwenye sindano, mweupe na mweusi, akazichomeka kwenye kimto. Macho ya Bi Kola yalikuwa yameanza kumsaliti. Kwa mbali aliweza kumwona kunguru akikonyeza, lakini tundu la sindano hakuliona. Aibu hiyo hakumwambia mtu. Wifi naye hakuitaja hata siku moja. Sindano zilikutwa tu zimetungwa.

Mambo yalibadilika wifi alipopata imani mpya.

Miaka yote walikwenda kusali pamoja, kwenye nyumba ileile ya ibada aliyokwenda mama yake Bi Kola na bibi yake kabla yake, na walikaa benchi moja. Kisha jirani akamwalika wifi kwa watu wa mtaa wa pili, wenye kwaya inayosifika. Alikwenda kusikiliza nyimbo, na kwenye lile benchi hakurudi tena. Uso wake ukawa unang'aa. Usingizi uliomkimbia tangu kaka yake afe ukamrudia. Hayo Bi Kola aliyaona kwa macho yake na hakuyabisha. Kilichomchosha ni mdomo. Wifi alihubiri kama bomba lililopasuka.

"Wifi, nikuambie neno?"

"Likihusu vifungo, niambie."

"Linahusu roho yako."

"Roho yangu ina vifungo vyake vyote, asante."

"Mzaha, mzaha! Siku utakayoulizwa utajibu mzaha?"

"Nitajibu kwamba mimi nilikuwa nashona, wifi yangu akawa anapiga soga."

"Na wewe je? Miaka yote hujanihubiria cherehani ya miguu? Nikitaja ya umeme tu, unanitazama kama nimemtaja shetani."

"Ya umeme haina adabu. Unaigusa kidogo, inakimbia na kidole chako."

Hapo walikuwa wakicheka wote wawili, na kazi ikiendelea.

Lakini ikaja ile wiki ambayo watu wa mtaa wa pili walitakiwa kila mmoja kuja na mgeni. Wifi aliingia asubuhi hiyo bila utani.

"Nimewaahidi wenzangu," alisema.

"Umewaahidi nini?"

"Wewe."

"Mimi mbuzi, niahidiwe?"

Wifi hakucheka. Aliweka shati mapajani. "Wifi, kaka yangu keshakwenda. Nimebaki nawe tu. Sitaki nifike huko mbele nikutafute, nisikuone."

Maneno hayo yalimwingia Bi Kola mpaka kwenye mifupa. Ila alikuwa mwanamke mwenye kiburi chake, na kiburi kikiguswa hujibu kabla ya mwenyewe. "Kumbe siku zote hizi unakaa na aliyepotea!" alisema. "Basi nenda kwa walioonekana."

Neno likishatoka halifumuliwi kwa wembe. Wifi alichukua mkoba wake akaondoka. Kesho yake habari zikafika kwamba wenzake wana chumba cha kushonea, wamemkaribisha, na kuna cherehani ya umeme. Alisema atakaa huko huko mpaka wifi yake ageuke.

Bi Kola alijikausha. Alitumia zile sindano zilizobaki kwenye kimto, na uzi wa ya mwisho ulipokwisha, ndipo alipoonja shubiri. Alilamba uzi, akausokota, akalenga, akakosa. Akautoa nje mlangoni kwenye mwanga, akakosa. Mteja akija alimwambia, "Hebu nitungie hapo mwanangu, mimi nimeshika pasi," ilhali pasi ilikuwa ya baridi. Ujanja wa namna hiyo utaufanya mara ngapi? Aliona kabisa kwamba bila wifi kazi yake itakufa. Hata hivyo kilichomuuma zaidi si sindano. Siku moja kinyozi wa ng'ambo ya barabara alijinyoa mwenyewe akapitiwa na mashine, akaondoa nyusi moja. Bi Kola aligeukia dirisha kumwambia mtu, akakuta kiti.

Hatimaye wifi alikuja na furushi begani. Hakukaa.

"Mashati ya kwaya," alisema. "Kola zimekwisha. Wanataka zigeuzwe."

"Si mna umeme?"

"Umeme haujui kugeuza kola."

Sifa hiyo Bi Kola aliipokea kwa kuinama uvunguni kutafuta chaki. Alipoinuka wifi alikuwa keshatoka. Kwenye kimto zilisimama sindano alizokuja nazo zimetungwa, uzi mweupe mtupu, za kutosha kazi nzima.

Bi Kola alifanya ile kazi kwa moyo wote. Kola za kwaya zilikuwa zimeonja jasho la nyimbo nyingi, na ya kwanza ilimpa tabu hasa. Lakini alizigeuza zote, isipokuwa moja.

Asubuhi moja, mguu uko kwenye kanyagio, simu ikalia. Akaibana kati ya sikio na bega huku anaendelea kushona. Alikuja kujua baadaye kwamba huko upande wa pili kwaya nzima ilikuwa imemaliza kumwombea, na wifi alikuwa amefungua spika ili wote wasikie.

"Wifi!" sauti iliita. "Tumekuombea! Vipi, umegeuka?"

Kwa zile kokoto kwenye bati, Bi Kola alisikia, "Vipi, umegeuza?"

"Nimegeuza!" alijibu kwa kupaza sauti. "Tangu jana!"

"Unasema?"

"Nimegeuza, wifi! Mwanzoni ilikuwa ngumu, nusura nikate tamaa. Lakini uchafu wote wa zamani umetoka. Sasa ni nyeupe pee, huoni doa. Njooni mjionee wenyewe!"

Vigelegele vilipasuka mpaka akaitoa simu sikioni. Ama kweli, aliwaza, watu hawa wanayapenda mashati yao.

Haukupita muda akasikia nyimbo. Aliposimama mlangoni aliwaona wanakuja barabara nzima, wanapiga makofi, mwalimu wa kwaya mbele na wifi yake kando, machozi yanamtiririka na meno yote nje. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Mwalimu wa kwaya, mtu mrefu mwenye sauti ya pipa, alifungua mikono.

"Yuko wapi aliyegeuka?"

"Mbona wako wengi, wako mezani," alisema Bi Kola kwa fahari, maana mashati yote aliyaita kama wenyewe. "Nimeshawapiga pasi. Wote wamegeuka vizuri, mwalimu. Aliyenishinda ni wewe. Wewe hugeuziki."

Wimbo ulikatika kama uzi mbovu.

"Mimi?" alisema mwalimu.

"Lile refu kuliko yote ni lako, na kitambaa chake kina sura upande mmoja tu. Nikigeuza, utaonekana umevaa shati ndani nje."

Walitazamana. Bi Kola akawatazama, akatazama mashati, akamtazama wifi yake, na hapo ndipo ile "umegeuka" ilipomfikia masikioni, imechelewa lakini imefika. Wifi naye alielewa. Ule mng'aro ulizimika usoni, akainamisha kichwa mbele ya watu wake, na mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Kumbe katudanganya."

Bi Kola angeweza kucheka. Mtaa mzima ungecheka naye mpaka mwaka kesho. Pia angeweza kusema neno moja tu, ndiyo, na wifi yake angerudi siku hiyo hiyo na sindano zake. Ulimi uliligusa neno hilo. Lakini wifi alimjua mpaka mishono ya ndani, na uongo wa kumfurahisha angeugundua kabla chai haijachemka.

"Nani amesema kadanganya?" aliuliza kwa sauti ya kufukuza kuku. "Aliyedanganya ni hii cherehani. Mimi nilisikia umegeuza, yeye akasikia nimegeuka. Mimi sijageuka, jamani. Nasali pale aliposali bibi yangu. Lakini huyu asinong'onwe. Ameona kitu kizuri akanikumbuka mimi. Angekula peke yake akanyamaza, ningemnunia zaidi."

Wifi aliinua uso kidogo.

"Ila niwaambie na la kwangu," Bi Kola aliendelea. "Nimegeuza kola tangu nywele zangu ziko nyeusi. Kola haigeuzwi ikiwa shingoni. Ukijaribu, utamkaba mwenye shati. Mpaka mwenyewe avue, alete."

Mkono wa mwalimu wa kwaya ulikwenda shingoni wenyewe, na watu wakaangua kicheko. Naye alicheka, ila hakuwa mtu wa kuachia wimbo katikati.

"Sawa, fundi. Lakini kola huchakaa nyuma, mtu haioni. Asipoambiwa, ataivua lini?"

 Bi Kola akakuna kichwa. Ni kweli, wateja wake nusu walikuwa wameletwa na wake zao.

"Basi niambieni," alisema. "Mkishaniambia, niacheni nijipapase."

"Na hili jua lote tulilotembea?" aliuliza mama mmoja wa sauti ya kwanza.

"Ingieni mnywe chai. Na huo wimbo umalizieni, nilikuwa naupenda."

Waliumalizia wakiwa wamebanana chumbani, wengine wamekalia meza ya pasi. Ubeti wa mwisho Bi Kola alijikuta anauitikia. Wifi alimgeukia upesi, macho yamemtoka.

"Umeimba!"

"Nimeimba. Sijageuka."

Kesho yake asubuhi wifi aliingia, hakuomba radhi wala hakuombwa. Alikaa chini ya dirisha, akavuta kimto, akaanza kutunga. Bi Kola alimwona midomo inacheza kila anapopitisha uzi.

"Sasa unaziombea na sindano?"

Wifi hakuinua kichwa. "Naombea macho yako."

Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutajwa chumbani humo. Bi Kola aliinama juu ya cherehani, akajifanya anafuta vumbi.

"Hayo ombea," alisema. "Hayo nimekuruhusu."

Wakafanya kazi. Wifi akachomeka sindano ya mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayegusa chai kwa ulimi kuona kama ni ya moto.

"Na wewe huko kwenu, kwenye benchi letu, huniombei?"

"Kila wiki."

"Unaniombea nini?"

Bi Kola alikanyaga cherehani, kokoto zikamwagika kwenye bati, naye akajibu kwa sauti ndogo.

"Sijasikia!" wifi alipiga kelele.

Bi Kola akasimamisha mguu. "Nakuombea ugeuke, urudi!"

Wifi alimtazama, mdomo wazi. Kisha alicheka mpaka kimto kikamponyoka mapajani na sindano zikatawanyika sakafuni. Bi Kola alicheka mpaka akashika meza ya pasi. Kinyozi akatoka tena mlangoni kwake, na nyusi yake moja, kuona kuna nini. Nao walipomwona, wakaanza upya.