Dobi Aliyetazama Vichekesho kwa Mgongo

Mtaani walimwita Bi Nyoosha, na jina hilo lilimkaa pande zote mbili. Alikuwa dobi, miaka ishirini na mitatu mkono wake uko kwenye pasi, na hakuna kola iliyotoka kwake ina kunyanzi. Lakini pia alikuwa mtu wa kunyoosha maneno. Ukimpelekea shati lililokwisha, hakukudanganya kwamba litafaa; alikuambia ukalifanye tambara la kufutia meza, na ukinuna, shauri yako.

Duka lake la kufulia lilikuwa chumba kimoja chenye ua nyuma. Alifanya kazi na wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, mwanamke mcheshi aliyepokea nguo, akazihesabu, akazifunga vitambaa vyenye namba, na mwisho akazikunja. Runinga ilikaa kwenye rafu juu ya mlango wa uani. Mdogo mtu ndiye aliyeitundika, na bila shaka alimfikiria mkewe kuliko dada yake, maana soketi ya pasi ilikuwa ukuta wa pili kabisa. Basi wifi alitazama, na Bi Nyoosha akasikiliza, runinga nyuma yake, macho kwenye marinda ya watu.

Wala hakuona kwamba amepunjwa. Mchekeshaji wa kweli, alikuwa akisema, anakuchekesha hata ukimpa mgongo.

Kipindi chake kilikuwa kile cha wapangaji, kila Alhamisi saa kumi jioni. Nyumba moja, familia sita, mama mwenye nyumba asiyejua kunong'ona, na mlinzi wa geti, mzee mwenye tumbo kubwa anayepatwa na uziwi kila akitumwa kazi. Msimu mpya ulikuwa na wiki nne, na juu ya kila sehemu Bi Nyoosha alikuwa na maoni, na maoni yake hayakukaa kabatini.

Sehemu ya kwanza fundi bomba anakuja kutengeneza bomba moja, na kila mpangaji anamvuta pembeni amweleze ubaya wa jirani, mpaka jua linatua bomba bado linavuja na fundi amekuwa hakimu wa nyumba nzima. Hiyo aliisifu wiki nzima. Mteja akija kuchukua suruali, ilibidi kwanza asikilize kesi ya fundi bomba. Sehemu ya pili mama mwenye nyumba anamuuliza mlinzi nani kavunja kioo, naye mlinzi anamjibu kwamba hajambo, amepona kabisa, ila goti ndilo linasumbua kukiwa na baridi. Bi Nyoosha alicheka mpaka akaweka pasi chini. Wifi hakuwahi kuona jambo hilo, kwa sababu katikati ya shati pasi haiachwi hata nyumba ikitetemeka.

Kisha mambo yakaharibika. Sehemu ya tatu mlinzi aliteleza kwenye povu akaingia ndani ya pipa. Ya nne akajificha kabatini na kabati likaanguka naye. Wifi aliona raha. Bi Nyoosha alipiga pasi kimya kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Mwishowe alisema yule mzee anakimbia. Wifi akamuuliza anakimbia wapi na huku amekwama ndani ya kabati. Bi Nyoosha akaeleza kuwa maneno yake ndiyo yanayokimbia. Zamani alikuwa akisema neno moja anatulia, anakuacha unalingoja la pili, halafu analidondosha pale pale ulipochoka kungoja. Sasa anayamwaga yote kwa mkupuo kama mtu aliyefukuzwa. Na vile vicheko vya watu, mbona vinafika kabla ya utani? Tena kuna mwanamke mmoja anacheka halafu anamalizia na kwikwi, na huyo yuko kila mahali. Bi Nyoosha alimhesabu mara kumi na moja ndani ya nusu saa. Mtu mwenye kwikwi ya namna ile, alisema, angekuwa amelazwa.

Wifi alimwambia ana masikio ya kutafuta ugomvi. Walibishana hivyo siku mbili, mmoja akitetea pipa, mwingine akiulilia utulivu wa mzee, huku mashuka ya nyumba ya wageni yakipita kati yao.

Jumatatu iliyofuata, Bi Nyoosha akiwa uani anaanua nguo, aliingia bwana mmoja mwembamba wa miwani. Aliacha mfuko mezani, akanong'ona kwamba atarudi Jumatano, akaenda zake. Wifi aliufungua ahesabu. Alitoa mashati mawili, gauni la maua, kilemba, halafu kitu asichokielewa: mto wa mviringo uliojazwa pamba, una mikanda miwili ya kufungia. Akaugeuza huku na huku. Alidhani ni godoro la mtoto mchanga. Chini kabisa akakuta koti la kaki, kiwiko cha kushoto kina kiraka chekundu.

Kiraka kile alikuwa akikiona kila Alhamisi. Alikimbilia uani na koti mkono mmoja na mto mkono mwingine, akasema mlinzi wa geti yuko hapa, yaani si yeye, nguo zake, yaani na tumbo lake.

Bi Nyoosha, ambaye hajawahi kukiona kiraka wala mwenye kiraka, alisema makoti ya kaki duniani ni mengi. Basi wifi akajifunga lile tumbo la pamba juu ya tumbo lake mwenyewe, akavaa koti, akatembea uani mwendo wa mlinzi, miguu imetanuka, mkono mmoja sikioni. Fundi viatu wa jirani aliyechungulia juu ya ukuta alimtambua mara moja na kuita jina la kipindi. Ushahidi ukawa umetimia. Walicheka mpaka wakakaa kwenye beseni lililogeuzwa.

Kisha kazi ikawa kazi. Bi Nyoosha hakumwachia mtu tumbo lile. Alilifua kwa mkono, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, bila kulikamua, kwa kuwa pamba ikikamuliwa hufanya mabonge na mlinzi angepata tumbo lenye vilima. Alilianika siku mbili akiligeuza kila mara kama mgonjwa. Waliopita waliuliza hilo ni la nani. Alijibu kwamba mwenyewe kalivua, alichoka kulibeba.

Jumatano wifi alikuja kazini amejipamba. Alimngoja mzee mnene. Akaingia yule bwana mwembamba wa miwani, na wifi akajua moja kwa moja kuwa ametumwa. Bi Nyoosha alikuwa kwenye pasi, mgongo kwa mlango.

"Samahani," yule bwana alisema. Akatulia. "Nimefuata mzigo wangu."

Bi Nyoosha aligeuka. Alimtazama mara moja tu, kama mtu anayehakikisha namba.

"Wewe ndiye mlinzi wa geti," alimwambia.

Wifi aliona haya kwa niaba ya familia yote. Lakini yule bwana alivua miwani akaifuta, akakiri kwamba ndiye. Alisema barabarani watu humpita kama nguzo. Akilivua tumbo, hata majirani zake hawaamini. Ni mara ya kwanza kutambuliwa kwa neno moja. Na kama walivyo watu wa kazi ile, hakuweza kuondoka bila kuuliza kama kipindi kinawapendeza.

Wifi alimkonyeza Bi Nyoosha, akamkanyaga mguu. Haikusaidia.

"Mbili za kwanza umenichekesha," Bi Nyoosha alisema. "Mbili za mwisho umenikimbia. Nani alikuwa anakufukuza?"

Akamweleza yote, lile la kutulia, lile la vicheko vinavyotangulia, na yule mwanamke wa kwikwi. Bwana yule alikaa kwenye benchi la wateja. Wifi alianza kuhesabu kwamba wameshampoteza.

"Hakuna aliyenifukuza, mama," alisema. "Shida ni kwamba hakuna mtu."

Ikawa ni hivi. Sehemu mbili za kwanza waliziigiza ukumbini, mbele ya watu waliokaa kwenye viti. Kisha paa la ukumbi likaanza kuvuja, wakahamia chumba kidogo kisicho na nafasi ya watazamaji. Vicheko vikawa vinabandikwa baadaye na fundi wa sauti, kutoka kwenye akiba yake. Zamani mchekeshaji alisema neno, akangoja kicheko kishuke, ndipo akaendelea. Sasa amngoje nani? Unasema, ukuta unakutazama, basi unaharakisha ili uikimbie aibu. Na yule mwanamke wa kwikwi yumo kwenye mashine miaka minane, hakuna anayemjua.

Tangu Alhamisi iliyopita Bi Nyoosha alikuwa akiambiwa anatafuta ugomvi, kumbe masikio yake yalikuwa yamesikia hata paa linavyovuja! Alimtazama wifi tu, naye akaangalia dari.

Yule bwana alitoka nje akapiga simu, akitembea huku na huku mbele ya mlango. Aliporudi uso ulikuwa mwingine. Jumamosi wanarekodi sehemu ya mwisho ya msimu. Mwongozaji amekubali: wakisogeza ukuta wa jiko la maigizo, viti kumi na viwili vitaenea. Waje saa tatu asubuhi, na walete watu wanaocheka jambo likichekesha na kunyamaza lisipochekesha. Bi Nyoosha akasema wa aina ya pili anao tele.

Siku zile tatu hakuna aliyekuwa na akili timamu pale dukani. Wifi alifunga namba ya mwalimu kwenye suruali ya mwuza dawa. Orodha ya wageni iliandikwa na kufutwa mpaka karatasi ikatoboka. Walioingia ni fundi viatu na mkewe, mwuza dawa, mdogo wake Bi Nyoosha, na majirani wengine sita. Jumamosi asubuhi tangazo likawekwa mlangoni kwamba leo hakuna kazi, na kundi la watu kumi na wawili likaondoka limepigwa pasi kuanzia kola hadi pindo, utadhani wanakwenda kumposea mtu.

Chumba kilikuwa kidogo kweli. Jiko lilikuwa la mbao na rangi, mlango wake haukwenda popote, na taa zilikuwa na joto la kukausha mashuka. Mwongozaji, mwanamke kijana aliyechomeka penseli kwenye nywele, aliwaomba wazime simu. Kisha mlinzi akaingia na tumbo lake safi.

Mama mwenye nyumba alimuuliza funguo za stoo ziko wapi. Mlinzi alifungua mdomo, akasema, "Nashukuru." Akatulia.

Hakuna aliyecheka. Bi Nyoosha alishika kiti. Kimya kile kilirefuka, kikazidi, mpaka fundi viatu akasogeza miguu, na mwongozaji akainua mkono kama anayetaka kusimamisha. Ndipo mlinzi akamalizia kwa upole mkubwa, "Na wewe umependeza."

Chumba kililipuka. Fundi viatu alipiga mapaja, wifi alimshika mumewe begani, na Bi Nyoosha aliona mabega ya yule bwana yakishuka kidogo chini ya koti, kama ya mtu aliyetua mzigo. Kuanzia hapo hakukimbia tena. Alitembea ndani ya maneno yake kama mtu aliye nyumbani kwake, na wenzake wakamfuata.

Wakati wa mapumziko mwongozaji alikuja kumuuliza dobi ni wapi palipolegea. Bi Nyoosha hakusitasita. Alisema pale mlinzi anapojaribu funguo mlangoni, dakika nzima hakuna neno, pakatwe. Mwongozaji hakukubali, lakini akataka wajaribu. Waliicheza fupi, funguo mbili tu. Kimya. Mtu alikohoa. Wakaicheza tena ndefu kama ilivyokuwa, na watu wakaanza kufutana machozi. Bi Nyoosha alikuwa ameinamisha kichwa kama kawaida yake, anasikiliza milio ya funguo, haoni kinachowaua wenzake.

Wifi alimgusa. "Wifi, mwangalie uso."

Aliinua macho. Mlinzi alikuwa akijaribu ufunguo, unakataa, anaurudisha mwisho wa shada la funguo, anaanza upya, na kila ufunguo aliutazama kwa matumaini yale yale ya kwanza, kama anayetambulishwa kwa mchumba. Mlango wenyewe ulikuwa wazi. Bi Nyoosha alicheka kuliko wote, alicheka mpaka hereni ikadondoka.

Akasimama mbele za watu akamwambia mwongozaji, "Hapo nimekosea. Hiyo ilitaka macho."

Njia nzima ya kurudi wifi aliirudia sentensi hiyo, kwa sauti ya Bi Nyoosha, kila baada ya nyumba tatu, na Bi Nyoosha akavumilia, maana alikuwa na furaha ya kutosha watu wawili.

Alhamisi saa kumi duka lilijaa mpaka barabarani. Kipindi kilipokwisha wote walimgeukia Bi Nyoosha kama wanangoja hukumu. Alisema mwanzo ni mzuri, funguo ni nzuri kupita zote, ila ile harusi inayofunga sehemu waandishi waliichoka, waliimaliza kama watu wenye miadi. Fundi viatu akamkumbusha kwamba siku ile alitoa machozi kwenye harusi hiyo hiyo. Akasema machozi ni yake na harusi ni yao. Kisha akawatangazia alichoambiwa asubuhi kwa simu: paa linatengenezwa, na msimu ujao kuna viti mia.

Katikati ya kelele hizo aliingia mteja mmoja kuulizia shuka zake, akauliza mara tatu bila kujibiwa. Alipouliza mara ya nne, wifi alimwambia akae kwanza, akaanza kumsimulia sehemu yote toka mwanzo, na yule mtu akaweka mfuko wake chini, akasogea kwenye benchi.