Sare za Fundi wa Saa

Kila baada ya alasiri, fundi wa saa wa Malindi alitandaza kitambaa cha sataranji barazani pake, akamimina kahawa. Wa kwanza kumiminiwa alikuwa Jamnadas, muuza vitambaa jirani yake. Kabla ya kugusa kete fundi alipangusa vidole kwa shuka, kama aendaye kushika saa ya mtu. Kwa miaka saba mchezo wa wawili hao haukupata mshindi. Kila mfalme wa Jamnadas alipobanwa pembeni, mkono wa fundi ulisita hewani, ukarudi, naye akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Jamnadas, tutoke sare." Jamnadas aliupokea mkono ule upesi, usije ukabadili nia.

Mwisho wa mwaka wachezaji wote wa baraza ile walihesabiana: kushinda, kokwa mbili za ukwaju; sare, kokwa moja. Fundi hakupata kufungwa na mtu, wala hakupata kuwa wa kwanza. Mwaka wa vita vya Wajerumani, Jamnadas alimpita kwa kokwa moja tu, akamcheka. "Fundi, huna uchu wa kushinda?"

Fundi alimwongeza kahawa. "Uchu ninao, bwana. Lakini hapa ni kwangu. Nitamshindaje mgeni wangu, naye kikombe changu ki mkononi?"

Mwezi uliofuata alihamia Lamu. Sasa Jamnadas huzipanga kete peke yake kwenye baraza yake mwenyewe, hatua ishirini tu kutoka ile ya fundi. Miaka yote saba, hakupata kumwambia, "Leo njoo tuchezee kwangu."