Mpangaji wa Mionzi na Pumzi ya Mama

Mpangaji wa mionzi, aliyepima hospitalini mahali miale ya kutibu saratani ipige, hakukiacha hata kikombe cha chai kikae tu. Alifumba jicho moja, akakisogeza kidogo, akakirudisha. Mgonjwa akiambiwa abane pumzi, naye aliibana, hadi jioni akahema kama aliyepanda mlima.

Siku hiyo Kristina alimleta mama yake kutoka Mkuyuni. Saratani ilikuwa changa, kidoa tu kwenye pafu, lakini kilisogea na pumzi, na mionzi ikikikosa ingeunguza palipo pazima.

“Mama, pumua kawaida,” mpangaji alisema kwenye kipaza sauti, Kristina kando yake, mama akiwa amelazwa kwenye mashine chumba cha pili. Mstari ulioonyesha pumzi ya mama ukarukaruka kwenye kioo cha kompyuta.

“Atapumuaje kawaida,” Kristina akamnong’oneza, “na hujamwamkia?”

Mpangaji akasimama, akakiinamia kipaza sauti. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.”

Mstari ukatulia. Chini ya hesabu za dozi akaandika kwa wino mwekundu: Aamkiwe kwanza, mara zote tano za kupigwa mionzi.